Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: riba sifuri, ila angalia kalenda kabla ya kusaini

Kwa Mtanzania anayetafuta mtaji bila hati ya nyumba wala hati ya mshahara, hakuna mkopo wa bei nafuu kuliko huu. Riba hakuna, dhamana ya mali haitakiwi, na fedha inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri yake mwenyewe: ushuru wa masoko, leseni za biashara, ushuru wa mazao, vibali vya ujenzi. Pamoja na hayo yote, vikundi vingi vilivyoupata vimeishia kwenye deni, kusambaratika na kuitwa ofisi ya kata. Kasoro haiko kwenye bei. Iko kwenye kiasi kinachotolewa, muda wa kukitoa na nani anayefuatilia, na hayo ndiyo ya kuyakagua kabla ya kuanza kukusanya saini.

Tuanze na chanzo cha fedha, maana ndicho kinachoamua utapata nini. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utaratibu uliendeshwa kwa maelekezo tu, asilimia 5 kwa wanawake na 5 kwa vijana, na riba ilitozwa. Halmashauri iliyobanwa na posho za vikao ilichangia ikikumbuka. Sheria ikaondoa hiari hiyo, ikaondoa na riba, na kwa hilo inastahili sifa zake.

Asilimia 10 hiyo haikatwi kwenye kila shilingi inayoingia. Mapato yenye kazi maalum, kwa mfano uchangiaji wa huduma za afya unaobaki kituoni, huwekwa pembeni kwanza. Chukua halmashauri ya wilaya ambayo baada ya kuweka hayo pembeni imebaki na shilingi bilioni 2 kwa mwaka. Fungu la mikopo ni milioni 200: wanawake milioni 80, vijana milioni 80, watu wenye ulemavu milioni 40. Kama ina kata 20, na kila diwani anataka kata yake nayo ionekane, wanawake wa kata moja wanaangukiwa na milioni 4 kwa mwaka mzima. Vikundi vitatu vikipita kwenye mchujo, kila kimoja kinaondoka na milioni moja na laki tatu na ushei. Watu watano wagawane hapo, kila mmoja hafikishi laki tatu. Kwa Jiji la Dar es Salaam au Jiji la Dodoma, ambazo ziko mstari wa mbele kwa makusanyo nchini, hesabu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana anayeusifia au kuuponda mkopo huu mtandaoni aulizwe kwanza: uko halmashauri gani?

Msingi wenyewe wa mapato nao hautulii. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri za miji, ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, hilo halina ubishi. Lakini halmashauri ya vijijini inayoishi kwa mazao ilibaki na kapu dogo zaidi la kukatia asilimia 10. Kinachoweza kulinenepesha fungu bila kusubiri mapato mapya ni marejesho, kwa kuwa fedha iliyorudi inakopeshwa tena. Halmashauri inayodai vizuri kwa miaka mitatu inaweza kuwa na mfuko mkubwa kuliko jirani yake mwenye mapato makubwa asiyedai. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza afisa maendeleo ya jamii si fomu zinatoka lini. Muulize mwaka jana marejesho yalikuwa kiasi gani kati ya kilichotakiwa kurudi. Akikujibu kwa tarakimu bila kuzunguka, uko mahali pazuri.

Masharti ya kuingia ni mepesi. Kikundi cha wanawake au vijana kinahitaji watu wasiopungua watano. Kanuni za 2019 zilitaka kumi, marekebisho ya 2021 yakapunguza. Umri wa vijana ulioanzia 18 hadi 35 umeongezwa hadi 45 kwenye utaratibu wa 2024. Mtu mwenye ulemavu anaweza kukopa peke yake pale ambapo kuunda kikundi hakuwezekani, na hili ni bora sana, kwa sababu kata nyingine utakuta watu wenye ulemavu wanaoweza kufanya biashara wako vijiji tofauti, mmoja hapa na mwingine kilomita kumi na tano kutoka hapo. Wanachama wawe Watanzania, wakazi wa eneo hilo, wasio na ajira rasmi.

Makaratasi: katiba ya kikundi, cheti cha usajili, orodha ya wanachama na namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA), akaunti ya benki kwa jina la kikundi, muhtasari wa mkutano uliokubali kukopa, barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na andiko la mradi. Andiko zuri lina ankara kifani (proforma) ya kila kitu cha kununuliwa. Muhtasari usainiwe na wote, siyo viongozi watatu kwa niaba ya wengine, kwa sababu siku deni likichacha yule asiyesaini ndiye atakayesema hakuhusishwa.

Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Wezesha, na hapa kuna mtego mdogo unaokwamisha watu kwa sababu ya uzembe tu. Mwenye steshenari ndiye anayejaza fomu, na akiulizwa namba ya simu anaweka ya kwake ili kazi iende haraka. Ujumbe wowote kuhusu maombi unakwenda kwa mwenye steshenari, ambaye kwa wiki moja amejazia watu wengine kibao na hakumbuki nani ni nani. Weka simu ya katibu wa kikundi. Hakikisha pia majina yameandikwa kama yalivyo NIDA, herufi kwa herufi: aliyesajiliwa NIDA kama Mwanaidi asije akaandikwa Mwanahidi kwenye orodha ya kikundi.

Kutoka hapo maombi yanapanda. Afisa maendeleo ya jamii wa kata na kamati ya kata wanakagua kama kikundi kipo na kama biashara ipo. Halmashauri ina kamati yake ya mikopo, kisha menejimenti, kisha Kamati ya Fedha ya madiwani, kisha mwanasheria anaandaa mkataba. Utaratibu wa 2024 umeongeza na jicho la ngazi ya wilaya kwenye uhakiki. Kwa anayesubiri ni ngazi nyingi mno. Kwa anayejua vikundi hewa vilivyowahi kupita, vyenye majina matano na mtu mmoja halisi, ngazi hizo zina sababu. Tatizo ni kwamba ukaguzi wa maana unafanyika chini kabisa, kata, na ngazi za juu zinasoma karatasi ileile. Kamati nne zikisoma karatasi moja, haiwi imekaguliwa mara nne.

Sasa kiasi. Ugonjwa mkubwa wa huduma hii ni kupunguza fedha bila kupunguza mradi. Kikundi kinaandika andiko la milioni 12 la mashine ya kukamua alizeti pamoja na banda lake. Kamati inaona waombaji ni wengi, inapitisha milioni 6. Mkataba unaandikwa wa milioni 6, andiko linabaki lilelile. Milioni 6 hainunui nusu ya mashine. Kikundi hakitasema hapana baada ya kusubiri miezi, kwa hiyo fedha inagawanywa milioni moja na laki mbili kila mtu. Mmoja anaongeza bidhaa dukani, mwingine analipa ada ya mtoto, wa tatu analipa kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kubwa, aliyokuwa nayo. Hapo mradi wa kikundi umekufa kabla ya kuzaliwa, na aliyeuua ni kamati kwa kalamu yake. Kinga yake ipo: andika andiko lenye hatua mbili. Hatua ya kwanza isimame yenyewe hata fedha ikija nusu, ya pili iwe nyongeza. Wenye andiko la hivyo hawana sababu ya kugawana.

Hesabu ya marejesho nayo ifanyike kwenye karatasi kabla, mbele ya wote. Milioni 6 kwa marejesho 12 ni laki 5 kwa mwezi, yaani 100,000 kwa kila mmoja wa watu watano. Mmoja akihama, wanne waliobaki wanabeba 125,000. Wawili wakihama, inakuwa karibu 167,000 kwa kila kichwa, na hapo ndipo hata waliokuwa waaminifu wanakata tamaa, kwa kuwa dhamana ya mkopo huu ni kikundi chenyewe. Idadi ya watu watano imerahisisha kuingia lakini imefanya kikundi kiwe chembamba. Wenye busara wanaanza na saba au wanane, na katiba inasema anayehama alipe sehemu yake kabla ya kuondoka.

Kuhusu muda kuna mambo mawili, na yote mawili yanaumiza. La kwanza ni muda wa nafuu kabla ya rejesho la kwanza, ambao kwa kawaida ni miezi mitatu. Kwa mama lishe, fundi cherehani au muuza mitumba, miezi mitatu inatosha na inabaki. Kwa anayenenepesha ng'ombe nayo inakaa vizuri. Kwa kuku wa mayai ni maafa. Miezi mitatu ni wiki 13, na kifaranga wa mayai huanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 20. Wiki ya 15, kuku 200 wanakula kama kilo 14 hadi 16 za chakula kila siku na hakuna yai hata moja la kuuza. Laki 5 za rejesho la kwanza na la pili zinatoka wapi? Zinatoka kwenye fedha ya chakula. Kuku wananyimwa, kutaga kunachelewa, na afisa akija anaandika kwamba kikundi hakina uwezo wa biashara. Ukitaka kuku, ama ufuge wa nyama, ambao wanatoka wiki ya 5 au 6, ama ununue mitetea iliyokwisha fika wiki 16 kwa bei yake ya juu, ama uweke kalenda ya utagaji ndani ya andiko na uombe rejesho la kwanza lisogezwe. Hilo la tatu liombwe kabla ya mkataba. Baada ya saini hakuna wa kukusikiliza.

La pili ni mwezi ambao fedha inatoka. Mwaka wa fedha unaanza Julai na kuisha Juni. Halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao haina kitu hadi mazao yauzwe, na zile zinazokimbizana na lengo la mwaka zinasukuma mikopo Mei na Juni ili taarifa isomeke vizuri. Mkulima wa alizeti wa Singida anahitaji mbegu kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Fedha ya Juni inamkuta akivuna, bei ikiwa chini, na shamba jipya liko miezi sita mbele. Kwa kalenda hiyo mkopo wa kilimo una maana moja tu: kununua mazao wakati wa mavuno, kuyahifadhi na kuyauza bei ikipanda. Ukiandika andiko la kulima, jua kwamba utakuwa umeanza kulipa kabla jembe halijagusa udongo.

Ufuatiliaji ndio wenye alama ya chini kuliko vyote. Taasisi ya fedha inapiga simu siku moja baada ya tarehe ya rejesho kupita. Hapa simu hupigwa mkaguzi akikaribia. Si kwamba maafisa ni wavivu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye huyohuyo wa kesi za ukatili wa kijinsia, wa lishe, wa usajili wa vikundi, wa wageni wa miradi, na pikipiki yake, kama ipo, haina mafuta. Hakuajiriwa kama afisa mikopo na hakufundishwa kudai. Juu yake kuna diwani anayekaa kwenye kamati inayopitisha mikopo, na baada ya muda anarudi kwa walewale kuomba kura. Nani atamdai mpiga kura wake kwa nguvu? Hapo ndipo watu wanapoanza kuiita fedha ya serikali, na fedha ya serikali kwa masikio mengi ni zawadi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimekuwa zikitaja makumi ya mabilioni ya shilingi ambayo hayajarejeshwa nchi nzima.

Matokeo yake yalionekana Aprili 2023, Serikali iliposimamisha utoaji wa mikopo hii kwa halmashauri zote. Hapa kuna jambo la kulisema wazi. Nchi hii ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, ikazirudisha kwa sheria za 1982 zilizoanza kazi 1984, na ikatangaza mwaka 1998 kwamba madaraka yanapelekwa kwa wananchi. Lakini fedha iliyokusanywa sokoni kwenye wilaya moja ilisimamishwa kwa tangazo moja kutoka juu. Halmashauri zilizokuwa zinadai vizuri ziliadhibiwa pamoja na zile zilizokuwa zinagawa. Halmashauri haiwezi kuamua kutoa asilimia 8 au 15, haiwezi kuweka riba ndogo ya kugharamia ufuatiliaji, haiwezi hata kuamua lini isimame. Ni huduma ya mitaa yenye breki Dodoma. Kipengele cha riba hasa kinafaa kufikiriwa upya: ada ndogo ya asilimia 2 au 3, inayobaki kata kwa ajili ya mafuta ya pikipiki, ingewasaidia wakopaji kuliko sifuri isiyo na mtu wa kuwatembelea.

Mikopo ilirudi mwaka 2024 kwa sura mbili. Halmashauri nyingi zinaendelea kutoa zenyewe kwa kanuni zilizoboreshwa, na nyingine 10 zimewekwa kwenye majaribio ya kutoa kupitia benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Songea na Kigoma Ujiji, na halmashauri za wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Njia ya benki inaleta nidhamu ya marejesho, na hilo ni jema. Hofu ni kwamba benki inapenda kikundi chenye historia ya akaunti, wakati mkopo huu ulitungwa kwa ajili ya wasio nayo. Aliye kwenye halmashauri hizo aanze kupitisha mauzo yake ya kila wiki kwenye akaunti ya kikundi miezi kadhaa kabla ya kuomba, hata kama ni elfu kumi kumi.

Kwa kulinganisha bei: mkopeshaji mdogo mwenye leseni anaruhusiwa na Benki Kuu kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni 6 kwa miezi 12, riba ikihesabiwa kwenye mkopo wa awali, hiyo ni laki 2 na elfu 10 kila mwezi, jumla 2,520,000. Kausha damu wa mtaani hana kikomo. Kwa hiyo nafuu ya mkopo wa halmashauri ni kubwa kweli, na inastahimili hata nauli za kwenda na kurudi kata, gharama za kuchapa katiba na siku zilizopotea kwenye vikao. Isipokuwa kwa kile kikundi cha milioni moja na laki tatu. Kwa huyo, kikoba cha mtaa kinachozungusha hisa kila wiki kinampa kiasi hichohicho bila kamati nne.

Jambo la mwisho ni la usalama wa fedha yako. Rejesho lilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number) tu, benki au kwenye simu, na risiti ibandikwe kwenye daftari la kikundi. Usimpe afisa yeyote fedha mkononi hata akiwa mtu wenu wa karibu, kwa sababu marejesho yaliyokusanywa mkononi yasifike benki ni kasoro ambayo wakaguzi wameikuta, na kwenye mfumo anayebaki na deni ni kikundi. Kabla ya kusaini, soma kwenye mkataba tarehe ya rejesho la kwanza, idadi ya marejesho na jina la akaunti itakayoingiziwa fedha, na mwondoke na nakala yenye mhuri. Wakisema nakala mtafuata wiki ijayo, kaeni hapohapo kwenye benchi hadi itoke.